Kipa Hukaa Pembeni mwa Picha

Anayetaka kujua ugumu wa kupiga picha na awapige watoto wakicheza mpira. Harusini watu husimama, hupangwa, huambiwa wainue kidevu. Kwenye mahafali kila mtu anajua atapita wapi na atasimama wapi. Watoto uwanjani hawana mpango huo. Mpira ukienda kulia, kumi na wanane kati ya ishirini na wawili huufuata kama nyuki, wawili hubaki wakifunga kamba za viatu, mmoja hutazama ndege, na mmoja, yaani kipa wa upande wa pili, hupiga miluzi peke yake. Kufumba na kufumbua mpira umesharudi kushoto, na kidole chako bado kiko kwenye kitufe.

Nimekuwa nikifanya kazi hii tangu mwaka 2018, nikiwa bado sekondari, kwa ajili ya timu ya watoto ya Gatumba. Gatumba ni mji mdogo magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara iendayo mpakani na hatimaye Uvira, upande wa Kongo. Mto Rusizi uko karibu, Ziwa Tanganyika liko karibu, na kiwanja chetu kilikuwa katikati ya hayo maji mawili, ardhi tambarare kama meza. Magoli yalikuwa ya miti ya mikaratasi, bila nyavu. Mistari ilichorwa kwa majivu. Kamera niliazimwa na baba yangu mdogo, mwenye studio ndogo Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako nilisikia na kusema Kiswahili miaka mingi kabla sijaambiwa kuwa ni somo lenye ngeli na viambishi.

Baba mdogo alinipa sharti moja tu, nalo ni la studio za zamani: usimkate mtu miguu. Mteja aliyevaa viatu vipya akaja kupigwa picha, halafu akakuta picha inaishia magotini, hudai pesa zake. "Amelipa mwili mzima," baba mdogo husema, "mpe mwili mzima." Sharti hilo ni zuri kwa mtu aliyesimama mbele ya pazia. Kwa mtoto anayekimbia ni mtihani. Jumamosi ya kwanza nilirudi na picha zaidi ya mia mbili, na baba mdogo alizipitia kwa utulivu wa daktari: huyu hana kisigino, huyu hana kichwa, huyu ni mgongo wa refa, huyu amechomwa na nguzo ya goli utosini, hawa wanapigania mpira ambao haumo. Akaniambia ndivyo ilivyo kwa kila anayepiga picha za michezo, na kwamba anayerudi na picha kumi nzuri kati ya mia mbili amefanya kazi.

Mengi hujifunza mtu kwa magoti. Mtoto wa miaka tisa kichwa chake kiko usawa wa kifua changu. Nikimpiga nimesimama, napata utosi na udongo. Nikipiga goti, udongo hupungua, milima ya Kongo huinuka nyuma yake, na miguu inayoacha ardhi huonekana kweli imeacha ardhi. Hasara yake ni kwamba aliyepiga goti hawezi kuukwepa mpira, na nina ushahidi kwenye pua. Mwanga nao una saa zake. Tuko kama nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu ya kichwa na macho ya watoto huwa mashimo meusi. Kuanzia saa kumi jioni nyuso hufunguka. Ikifika saa kumi na moja na nusu jua linakaribia milima ya Uvira, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mtamu na kamera inapoanza kulalamika. Kumgandisha mtoto anayekimbia unahitaji kasi ya 1/500 ya sekunde. Mguu unaopiga mpira unataka 1/1000 au zaidi. Mwanga ukipungua lazima uchague: picha yenye ukungu, au picha yenye chenga kama unga wa muhogo.

Kuna desturi nyingine ambazo kila mpiga picha za michezo huzijua. Mkimbiaji aachiwe nafasi mbele yake, aonekane ana pa kwenda. Kama ni lazima kumkata mtu, usimkate kwenye kiungo, yaani kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu, bali katikati ya paja au katikati ya kiwiko na bega, ili jicho lisidhani amekosa kiungo. Na upeo wa macho usiiname. Sisi wa Gatumba hatuna kisingizio kuhusu hilo, kwa maana ziwa liko pale pale kama rula. Ziwa likiinama kwenye picha, hata mtoto wa darasa la kwanza atauliza kwa nini maji hayamwagiki.

Niseme neno kuhusu maneno, maana hapa tuko baina ya wanafunzi wa lugha. Kazi ya kuamua kiingie nini na kibaki nje nini haijapata jina moja katika Kiswahili cha huku kwetu. Baadhi yetu tuliosomeshwa kwa Kifaransa husema kadraji. Wengine husema fremu, lakini fremu ni ile ya mbao pia. Baba mdogo husema "kupanga", na picha mbaya huiita "haikupangwa". Napenda neno lake kuliko mengine, ila kwa watoto wanaocheza halifai kabisa. Hakuna anayewapanga. Kinachopangwa ni mahali unapopiga goti, na baada ya hapo unasubiri.

Baada ya mchezo huja kompyuta, na hapo ndipo watu hudhani kila kitu hutengenezeka. Kukata picha kingo kunasaidia sana, lakini kuna hesabu yake. Kamera ya baba mdogo hutoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Picha ya kawaida ya kusafisha, ile ya sentimita 10 kwa 15, ikitaka kuwa safi, yaani nukta 300 kwa inchi, huhitaji karibu pikseli 1800 kwa 1200. Kwa hiyo unaweza kukata na kutupa zaidi ya tisa ya kumi ya eneo la picha na bado ukapata kitu cha kumpa mzazi. Hilo limeokoa Jumamosi zangu nyingi: refa ameondoka, nguzo imeondoka, ziwa limenyooka. Lakini mzazi akitaka ya sentimita 20 kwa 30, hesabu inabadilika, maana sasa zinatakiwa pikseli karibu 3500 kwa 2400. Na kuna jambo moja ambalo hakuna hesabu inayolisaidia. Unaweza kutoa kilichomo. Kisicho ndani hakiingii.

Darasani tuliwahi kuonyeshwa picha maarufu inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika, iliyopigwa na Martin Munkácsi karibu na mwaka 1930. Wavulana watatu, uchi, wanakimbilia mawimbi. Nilichekeshwa na kuguswa kwa pamoja. Wote wametupa mgongo. Hakuna uso hata mmoja. Baba mdogo angeitia kwenye kikapu. Munkácsi, Mhungaria, alianza kama mpiga picha za michezo, na nadhani inaonekana: mkono umeinuka, mguu umekunjwa, miili imekaa kama herufi zinazosomeka kutoka mbali. Henri Cartier-Bresson aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mpaka uzeeni aliitaja kuwa picha iliyomsukuma kwenye kazi hiyo. Wengine huihusisha picha hiyo na pwani ya Liberia, siyo ziwa letu, na nikiyatazama yale mawimbi siwalaumu. Cartier-Bresson mwenyewe alijulikana kwa kukataa picha zake zikatwe kingo. Hata hivyo ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ya mwaka 1932, ilikatwa, kwa sababu alipiga kwenye upenyo wa uzio na ubao ulikuwa umeziba sehemu ya picha. Nilimsimulia baba mdogo habari hiyo. Akasema, "Basi naye alikuwa na Jumamosi zake."

Mwezi wa Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika ukaingia Gatumba. Maelfu ya watu waliondoka na godoro kichwani. Kiwanja kikawa ziwa, magoli yakabaki yametokeza kama watu wanaooga. Familia nyingi za watoto wa timu zilihamia kwenye makazi ya muda, nyingine kwa ndugu mjini, nyingine zilivuka mpaka. Watu walipokwenda kutafuta vitu vyao walikuta kuta za matofali mabichi zimeyeyuka, na picha zilizokuwa ukutani zimeyeyuka nazo. Picha ya karatasi ikilowa matope kwa wiki mbili haifutwi, hubanduka rangi ikabaki karatasi. Miaka minne baadaye, 2024, ziwa lenyewe lilipanda likayafikia maeneo ambayo mto ulikuwa umeyaacha. Lakini habari ninayotaka kuisimulia ni ya kabla ya hapo.

Mwaka 2022 mama mmoja alikuja studio. Nilimjua kwa sura, alikuwa akiuza ndagala kando ya kiwanja na kupiga vigelegele hata kwa timu ya wageni. Mwanawe alikuwa kipa wetu. Mwaka mmoja kabla, wakiwa kwenye makazi ya muda, mtoto alishikwa na malaria kali, akafariki kabla hajatimiza miaka kumi na miwili. Sasa familia ilikuwa inajiandaa kwa siku ya kumaliza maombolezo, ambayo kwa Kirundi tunaiita kuganduka, na mezani huwekwa picha ya marehemu. Hawakuwa na picha. Zilizokuwapo zilikwenda na nyumba.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ulikuwa unawapiga kila Jumamosi. Yeye hakukosa Jumamosi hata moja."

Ni kweli, hakukosa. Nilimwomba anipe siku tatu. Kwenye diski nilikuwa na picha 3,140 za kati ya 2018 na 2020, na nilizipitia zote, moja moja, usiku, mtaani umeme ulipokuwapo. Kipa, kwa asili ya kazi yake, hukaa mbali na mpira, na kamera hufuata mpira. Kwa timu nzuri, kama ile yetu, kipa huonekana kidogo zaidi, kwa sababu mchezo uko kwenye goli la wenzake. Zile picha za timu nzima zilizopangwa mstari mmoja zilikuwa kwenye simu ya kocha, na simu hiyo ilizama na nyumba yake. Katika picha 3,140 nilimpata mtoto huyu mara kumi na moja. Kiwiko na glavu za sufi alizoshonewa na dada yake. Mgongo, mara nne. Kivuli chake kikiwa kimeingia kwenye fremu kabla yake. Sikio. Mbali sana chini ya mwamba wa goli, mdogo kama punje ya mtama. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtu angemwekea mama mezani.

Ya kumi na moja ilikuwa ya mazoezi ya mwaka 2019, timu imegawanywa mbili, kona inapigwa. Ni picha ambayo kwa sheria zote nilizozitaja hapo juu ni mbovu. Mshambuliaji amesimama mbele kabisa, amekatwa vifundo vya miguu. Mpira haumo, bado uko hewani juu ya ukingo. Nguzo imesimama juu ya kichwa cha mtu. Na kushoto, pembeni kabisa, kipa anatoka golini, mkono mmoja juu, mkono mwingine na bega lake vimebaki nje ya picha. Lakini uso upo wote, umeinuliwa kufuata mpira, una mwanga wa saa kumi na moja, na anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini. Labda watoto hucheka tu wanapoona mpira unakuja kwao baada ya kusubiri sana.

Nilianza kukata. Nikimchukua yeye peke yake nilibaki na pikseli 600 kwa 900. Kwa sentimita 10 kwa 15 hizo ni karibu nukta 150 kwa inchi. Uso unasomeka, lakini ngozi inaanza kuwa ya matofali. Kwa saizi aliyoitaka mama, 20 kwa 30, haiwezekani. Na bega likawa limekatika pale pale ambapo jicho linaenda kwanza.

Mwanafunzi mwenzangu ana programu kwenye simu ambayo huongeza kilichokosekana. Unaipa picha, inapanua ukingo, inachora. Aliifanya mbele yangu kwa muda usiozidi dakika moja. Mkono ulitokea, bega likatokea, glavu ikatokea, hata majani ya nyuma yalikuwa mazuri. Nisiwe mnafiki: ilikuwa kazi safi, na kama ningeletewa bila maelezo nisingeshtuka. Nilizipeleka zote mbili kwa mama, iliyokatwa na iliyoongezwa, nikaziweka mezani bila kusema neno. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya ile glavu.

"Huu mkono ni wa nani?"

Nikamweleza ulivyopatikana. Aliisukuma ile picha kwangu taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Akaniuliza kama ninayo ile yenyewe, kabla sijaigusa. Nikamfungulia kwenye kompyuta, nzima, pamoja na nguzo na miguu iliyokatwa na vumbi.

"Huyu mwenzake umemtoa kwa nini?" aliuliza. Alikuwa anamwonyesha mshambuliaji.

Nilisema kwamba anaziba, kwamba amekatwa miguu, kwamba mezani watu watauliza marehemu ni yupi.

"Watamjua. Na huyu walikuwa wanalala kitanda kimoja wiki nzima maji yalipokuja. Abaki."

Kwa hiyo tulikata upya, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hesabu ilikuwa inakificha. Ukimwacha mwenzake, au angalau bega lake na nusu ya uso, unahitaji eneo kubwa zaidi: pikseli 1500 kwa 1000. Ukisafisha kwa sentimita 10 kwa 15 hizo ni nukta 254 kwa inchi, na hiyo ni picha safi ambayo hakuna mteja wa Buyenzi angeikataa. Baba mdogo ndiye aliyemaliza suala la saizi. Alisema picha isikuzwe, ikuzwe karatasi. Akaisafisha ndogo, akaiweka katikati ya karatasi nyeupe ya 20 kwa 30, akaitia kwenye fremu ya mbao. Ukingo uliokata bega ukakutana na weupe wa karatasi, na kwa namna fulani ukaacha kuonekana kama jeraha. Unaonekana kama mlango ambao mtoto amefika nusu kuuingia. Baba mdogo, mtu wa miguu mizima, aliitazama akasema tu kwamba vioo vya fremu vimepanda bei, na hakuchukua pesa.

Tangu hapo Jumamosi zangu zina utaratibu mwingine kidogo. Timu ilianza tena kwenye kiwanja cha kuazima, mbali na mto, na sasa ina wasichana pia. Kabla ya filimbi napita kwa makipa wawili na wachezaji wa akiba wote, mmoja mmoja, karibu, kwa goti. Inachukua dakika kumi. Kocha analalamika kwamba nawapoza misuli. Wazazi tumewaomba idhini kwa maandishi, na picha haziendi kwenye mitandao mpaka mzazi aseme. Halafu mpira ukianza, nafuata mpira kama kila mtu, na picha mia mbili zinarudi kuwa kumi. Tofauti ni kwamba zile mia na tisini sizifuti. Ziko kwenye diski ya pili, zimepangwa kwa tarehe.

Siku ya kuganduka nilikwenda na baba mdogo. Ilikuwa sherehe ndogo, kama inavyokuwa marehemu akiwa mtoto, watu kama arobaini chini ya turubai, soda na maharage. Picha ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Yule mwenzake alikuwapo, amerefuka mpaka sikumtambua, sauti imevunjika. Alikaa mbele ya ile picha kwa muda, akitazama bega lake mwenyewe. Nikamwuliza kama anaikumbuka ile kona.

"Aliudaka," alisema. "Niliruka juu yake kabisa, akaudaka."

Nyumbani nilifungua diski nikaitafuta picha inayofuata ile. Ina migongo mitano na vumbi, na mpira hauonekani.